Dau la Mnyonge: Historia ya Kriketi ya Afghanistan



Ndugu msomaji, wazee wetu wa pwani walisema dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Katika michezo ya dunia ni vigumu kupata dau lililokuwa la mnyonge zaidi kuliko timu ya kriketi ya Afghanistan. Mwaka 2001 nchi hiyo iliandikishwa katika Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC) kwa daraja la chini kabisa la uanachama. Haikuwa na uwanja wa maana, haikuwa na ligi, na wachezaji wake walikuwa wakimbizi katika nchi ya watu. Juni 2024, miaka 23 tu baadaye, timu hiyo hiyo ilisimama katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20.

Na sisi Wakenya je? Sisi tulicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Wakati huo Waafghani walikuwa bado hawajashiriki mashindano yoyote makubwa. Leo wao wako juu na sisi tumesahaulika, hata vijana wengi wa Kenya hawajui kama tulipata kufika huko. Kwa hivyo makala haya si ya kriketi peke yake. Swali letu ni hili: mchezo mgeni humea vipi katika ardhi ya watu, na kwa nini mahali pengine humea na pengine hunyauka?

KWANZA, MCHEZO WENYEWE

Kwa wale ambao kriketi kwao ni kama kuona kitabu cha lugha usiyoijua, tueleze kwa ufupi. Timu mbili hucheza, kila moja watu 11. Mrushaji hurusha mpira, na mpigaji huupiga kwa gongo la ubao huku akilinda vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake. Akiupiga hukimbia kubadilishana nafasi na mwenzake, na hizo mbio ndizo zinazohesabiwa kama magoli yanavyohesabiwa katika mpira wa miguu. Mpigaji akitolewa, husemwa wiketi moja imeanguka. Mirusho sita ni ova moja. Kuna mechi za siku tano ziitwazo Test, hizo ndizo za heshima kubwa na si kila nchi huruhusiwa kuzicheza. Kuna za ova 50 zinazochukua kutwa nzima, na kuna za ova 20 zinazokwisha kwa saa tatu au nne. Ukishika hayo yatosha, twende.

WAINGEREZA WALIPITA TU

Kriketi ni mchezo wa Waingereza, na karibu kila nchi inayoucheza iliwahi kutawaliwa na Uingereza. Afghanistan haikutawaliwa hivyo. Jeshi la Waingereza liliingia Kabul mwaka 1839, na askari wake walicheza kriketi huko mwaka huo huo. Lakini hawakukaa. Januari 1842 walilazimika kutoka, na msafara wa watu kama 16,000, askari pamoja na wafuasi wao, ukashika njia ya milimani kwenye theluji kuelekea Jalalabad. Karibu wote waliuawa, au walikufa kwa baridi, au walichukuliwa mateka. Daktari mmoja, William Brydon, ndiye aliyefika Jalalabad juu ya farasi wake aliyechoka kutoa habari.

Basi kriketi ikaondoka na wenyewe. Waafghani wakabaki na michezo yao, hasa buzkashi, ile ya wapanda farasi wanaonyang'anyana mzoga wa mbuzi. Lakini upande wa pili wa milima, katika Bara Hindi, Waingereza walitawala muda mrefu na mchezo ukaingia shuleni, jeshini na mitaani. Walipoondoka mwaka 1947 waliacha nchi mbili, India na Pakistan, na katika zote mbili kriketi ilikuwa imeshakuwa mali ya wenyeji. Likumbuke hili, ndugu msomaji, maana ndilo litakalotupeleka kambini.

SHULE YA KAMBINI

Disemba 1979 majeshi ya Muungano wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Vita vikawaka, na watu wakakimbia kwa mamilioni. Katika miaka ya 1980 zaidi ya Waafghani milioni 3 walikuwa wakimbizi nchini Pakistan, na wengine wengi walikimbilia Iran. Waliokwenda Iran walikuta watu wanapenda kandanda. Waliokwenda Pakistan walikuta kriketi kila kichochoro.

Karibu na mji wa Peshawar kulikuwa na kambi iitwayo Kacha Gari. Nyumba za udongo, vumbi, foleni za maji na za unga. Watoto wa kambini wakawaona watoto wa Pakistan wakicheza na wao wakataka. Vifaa hawana. Mpira ulikuwa wa tenisi uliozungushiwa tepu ya stima ili uwe mzito na upae vizuri, na gongo lilikuwa ubao wowote ulioshikika. Sisi tuliokua tukicheza na mpira wa makaratasi na kamba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kisha ikaja siku iliyowasha moto. Tarehe 25 Machi 1992, timu ya Pakistan chini ya nahodha Imran Khan iliishinda Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Melbourne, Australia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhan. Usiku wa Melbourne ni mchana wa Peshawar, kwa hivyo watu waliona ushindi ule wakiwa na swaumu zao. Shangwe ya Pakistan ikaingia mpaka kambini. Watoto wa Kiafghani waliokuwa wakicheza kupoteza wakati sasa wakaanza kuota ndoto.

Mmoja wa waliokuwa na ndoto hiyo ni Taj Malik, kijana wa Kacha Gari. Aliunda klabu ya Waafghani kambini akakusanya vijana, wakiwemo wadogo zake Hasti Gul na Karim Sadiq ambao baadaye wote wawili walichezea timu ya taifa. Timu ya taifa! Wakati huo taifa lenyewe lilikuwa linapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huyu bwana anazungumza habari ya timu ya taifa. Bila shaka wapo waliomcheka. Hata Waafghani wenzake wengi waliuona mchezo ule kuwa wa Wapakistani, wa kuupotezea mtu muda wake.

CHAMA, TALIBAN NA MWAKA 2001

Mwaka 1995 chama cha kriketi cha Afghanistan kiliundwa, na Allah Dad Noori alikuwa mstari wa mbele katika kukiasisi. Mwaka uliofuata Taliban waliuteka mji wa Kabul. Mwanzo walibana michezo, lakini ilipofika mwaka 2000 waliiruhusu kriketi. Si siri kwamba mavazi yalisaidia, maana mchezaji wa kriketi huvaa suruali ndefu mpaka kifundoni. Mwaka huo huo wa 2000 timu ya kandanda iliyotoka Pakistan kucheza Kandahar ilikamatwa kwa kuvaa kaptura, na wachezaji wakanyolewa vichwa.

Juni 2001 ICC ikaipa Afghanistan uanachama. Miezi michache baadaye timu ilialikwa Pakistan kucheza mechi tano dhidi ya timu za daraja la pili za huko. Wakiwa huko huko, Oktoba 2001, Marekani ikaanza kulipua mabomu nyumbani kwao. Ghafla waandishi wa habari wa dunia nzima wakajaa uwanjani. Fikiria hali ile: uko uwanjani na gongo mkononi, na mji walioko wazee wako unapigwa mabomu. Walishindwa mechi tatu na kutoka sare mbili. Lakini walizimaliza zote.

Baada ya utawala wa Taliban kuanguka wakimbizi wengi walirudi, na walirudi na walichokizoea. Ndiyo maana kriketi ilishika zaidi mashariki na kusini, Nangarhar, Khost na Kandahar, kule ambako familia nyingi zilikuwa zimekaa Pakistan. Jalalabad, mji ule ule aliofika daktari wa Waingereza peke yake juu ya farasi, sasa ukawa moja ya ngome kuu za kriketi. Kile Waingereza walichoshindwa kukipanda kwa jeshi, wakimbizi walikipanda kwa mpira wa tepu.

NGAZI MOJA MOJA

Mwaka 2006 timu yao ilikwenda Mumbai kucheza na MCC, klabu ya London iliyoandika sheria za kriketi, na kikosini mwa Waingereza hao alikuwemo Mike Gatting, aliyekuwa nahodha wa Uingereza. Waafghani wakashinda kwa mbio 171. Mwaka 2007 walishiriki kombe la ova 20 la Bara la Asia nchini Kuwait na katika fainali wakatoka sare na ndugu zetu wa Oman, kombe likagawanywa. Hilo ndilo kombe lao la kwanza.

Kisha ikaja safari ambayo kila kijana anafaa kuijua. ICC ilikuwa imepanga nchi ndogo katika madaraja, na ili ufike Kombe la Dunia sharti upande daraja moja hadi jingine. Afghanistan ikaanzia Daraja la Tano. Hebu tazama:

Mei 2008, kisiwani Jersey. Timu 12 zilishindana. Katika fainali Waafghani waliwashinda wenyeji wakiwa wamebakisha wiketi 2 tu. Baada ya hapo Taj Malik, yule aliyeanza yote kambini, aliondolewa kazi ya ukocha, na nafasi yake ikachukuliwa na Kabir Khan aliyewahi kuchezea Pakistan. Dunia ndivyo ilivyo. Mwenye kupanda mnazi si lazima awe ndiye atakayekunywa dafu.

Oktoba 2008, Dar es Salaam. Ndiyo, hapa hapa kwa jirani zetu. Mashindano ya Daraja la Nne yalianza siku chache tu baada ya Idd-ul-Fitr. Timu zilikuwa sita: Afghanistan, Hong Kong, Italia, Jersey, Fiji na wenyeji Tanzania. Waafghani wakalitwaa kombe kwa kuishinda Hong Kong katika fainali. Nani katika waliowaona wakitembea Dar siku zile angedhani hawa ni watu watakaokuja kuitikisa Australia?

Januari 2009, Buenos Aires, nchini Argentina. Wakashika nafasi ya kwanza Daraja la Tatu, na waliopanda pamoja nao walikuwa Uganda.

Aprili 2009, Afrika Kusini. Hapa ndipo ilipokuwa hatua ya mwisho ya kuingia Kombe la Dunia la 2011. Timu 12, nafasi nne. Kenya yetu ilipata nafasi moja. Waafghani hawakuingia nne bora, lakini walimaliza ndani ya sita bora, na hiyo iliwapa haki ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Mechi yao ya kwanza ya hadhi hiyo walicheza tarehe 19 Aprili 2009 na Scotland, wakashinda kwa mbio 89.

Madaraja matatu katika miezi minane, kisha hadhi ya kimataifa. Februari 2010 walifuzu Kombe la Dunia la ova 20 baada ya kuishinda Ayalandi katika fainali mjini Dubai, na Mei wakaenda West Indies kucheza na India na Afrika Kusini. Walifungwa zote mbili. Hakuna aliyejali. Walikuwa wamefika.

SIKU WALIPOKUTANA NA SISI

Hapa Mkenya ajikaze kidogo. Oktoba 2010 Afghanistan walikuja Nairobi. Katika mechi ya siku nyingi walitushinda kwa mbio 167, lakini katika zile tatu za ova 50 Kenya ilishinda mbili. Kwa hiyo mwaka 2010 bado tulikuwa tunaweza kuwatazama machoni.

Tarehe 4 Oktoba 2013, Sharjah, katika Falme za Kiarabu, mambo yalikuwa mengine. Afghanistan walihitaji ushindi mmoja tu ili waingie Kombe la Dunia la 2015, na aliyesimama mlangoni ni Kenya. Wakatutoa sote kwa mbio 93, kisha wakazifikia wakiwa na wiketi 7 mkononi. Wao wakafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Miezi minne haikwisha, mapema mwaka 2014, Kenya ilishindwa kule New Zealand na kupoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za ova 50. Kufikia mwaka 2025 tulikuwa bado hatujairudisha.

Kwani tulikosa vipaji? Hapana. Mwaka 1996 Kenya iliishangaza dunia kwa kuishinda West Indies mjini Pune. Mwaka 2003, chini ya nahodha Steve Tikolo, tuliishinda Sri Lanka papo hapo Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi 5, na tukafika nusu fainali iliyochezwa Durban na India. Lakini tazama majina ya kikosi kile: Tikolo, Odumbe, Suji, Obuya, ndugu kwa ndugu. Mchezo wetu ulikuwa umekaa katika familia chache na vilabu vichache vya Nairobi. Uliletwa na Waingereza, ukashikwa na Wakenya wenye asili ya Kihindi ndani ya vilabu vyenye ua na geti, na vijana wa Kiafrika walioupata walikuwa wale waliokua karibu na geti hilo. Nje ya ua watoto walikuwa hawaujui. Kisha baada ya 2003, badala ya kupanda mbegu, wakubwa waligombana. Wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo, na mwaka 2005 chama kikavunjwa na kingine kikaundwa. Mti ulikuwa na matunda mazuri lakini mizizi mifupi. Kiangazi kimoja tu, ukanyauka.

Afghanistan mambo yalikuwa kinyume. Walianza na mizizi. Matunda yakaja baadaye.

RAMADHAN YA MWAKA 2018

Tarehe 22 Juni 2017 ICC iliipa Afghanistan uanachama kamili pamoja na Ayalandi, wakawa nchi za 11 na 12 kuruhusiwa kucheza mechi za Test. Mwaka huo huo Rashid Khan, kijana wa Nangarhar aliyezaliwa 1998 na ambaye familia yake pia ilipata kuishi ukimbizini Pakistan, alinunuliwa na klabu ya Hyderabad ya ligi ya India kwa rupia milioni 40. Mrusho wake wa kuzungusha mpira uliwatatiza wapigaji wakubwa wa dunia nzima. Huko Jalalabad na Khost kila mtoto sasa alitaka kuzungusha kama Rashid.

Lakini ndugu msomaji, usidhani njia ilikuwa ya maua. Ramadhan ya mwaka 1439, yaani 2018, ilianza katikati ya Mei. Vijana wa Jalalabad waliandaa mashindano ya usiku, Kombe la Ramadhan, kama vile vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wanavyoandaa mechi baada ya tarawehe. Watu wamefuturu, wamesali, wamekuja uwanjani kutazama kriketi. Usiku wa Ijumaa tarehe 18 Mei mabomu yakalipuliwa katikati ya watazamaji. Watu wasiopungua 8 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Waliouliwa walikuwa Waislamu, katika mwezi wa toba, na kosa lao ni kutazama mpira.

Katika mwezi huo huo, swaumu ikiwa ukingoni kumalizika, tarehe 14 Juni 2018 Afghanistan ilicheza mechi yake ya kwanza ya Test mjini Bengaluru, India. Ilifungwa vibaya, mechi ya siku tano ikaisha kwa siku mbili. Ramadhan moja ilianza na majeneza ya Jalalabad ikamalizika na bendera ya nchi katika uwanja wa Test. Na waliofungwa vile hawakukata tamaa: Machi 2019 waliishinda Ayalandi huko Dehradun, ushindi wao wa kwanza wa Test, na Septemba mwaka huo waliishinda Bangladesh kwao Chittagong, Rashid akiwa nahodha akiwa na umri wa miaka 20.

Mechi zao za "nyumbani" wamezicheza Sharjah, wamezicheza India, kokote walikopewa uwanja, kwa sababu ya usalama. Timu ya wakimbizi iliendelea kuwa mgeni katika nyumba za watu.

USHINDI ULIOFUNGA MDUARA

Kombe la Dunia la 2019 walifungwa mechi zote tisa. La 2023, nchini India, wakaja wengine kabisa. Waliishinda Uingereza, mabingwa watetezi, kwa mbio 69 mjini Delhi. Waliishinda Sri Lanka na Uholanzi. Na tarehe 23 Oktoba, mjini Chennai, wakaishinda Pakistan kwa wiketi 8. Siku hizo Pakistan ilikuwa imetoa amri ya kuwarudisha makwao wageni wasio na vibali, na Waafghani wengi walikuwa wakifungasha virago. Ibrahim Zadran, aliyefunga mbio 87 na kuchaguliwa mchezaji bora wa siku, alisema tuzo yake ni ya wale wanaorudishwa Afghanistan kutoka Pakistan. Mwalimu alishindwa na mwanafunzi wake, na mwanafunzi hakuwasahau walioko kambini.

Juni 2024 wakaanza Kombe la Dunia la ova 20 kwa kuishinda Uganda, waliopanda nao daraja kule Argentina mwaka 2009, kwa mbio 125. Wakaishinda New Zealand, wakaishinda Australia kwa mbio 21, wakamaliza na Bangladesh kwa mbio 8. Nusu fainali! Huko Afrika Kusini iliwatoa kwa mbio 56 tu na safari ikaishia hapo. Lakini Kabul na Jalalabad watu walikuwa wameshajaa barabarani kusherehekea.

NUSU YA TAIFA ILIYOACHWA NJE

Tungeweza kumalizia hapo kwenye furaha, lakini historia ikiachwa nusu huwa porojo. Novemba 2020 chama cha kriketi cha Afghanistan kiliwapa mikataba wachezaji wa kike 25. Agosti 2021 Taliban walirudi madarakani, na michezo ya wanawake ikafungwa. Wengi wa wasichana wale walikimbilia Australia. Yaani timu ya wanaume iliyozaliwa ukimbizini ilipofika kileleni, dada zao wakawa ndio wakimbizi wapya. Australia ilikataa kucheza mechi kadhaa na Afghanistan kwa sababu hiyo. Tarehe 30 Januari 2025 wasichana hao walicheza pamoja mechi moja mjini Melbourne, mji ule ule wa fainali ya 1992, na Aprili mwaka huo ICC ikatangaza mpango wa kuwasaidia.

Kuna watakaosema kuwa mwanamke kucheza kriketi mbele za watu ni suala la kujadiliwa. Haya, lijadiliwe na wenye elimu. Lakini kilichofungwa si uwanja tu. Wasichana wamezuiwa kusoma baada ya darasa la sita, na Disemba 2024 hata mafunzo ya uuguzi na ukunga yakazuiwa. Hapo Rashid Khan mwenyewe, nyota wa taifa, alijitokeza hadharani akaomba milango ifunguliwe, akikumbusha nafasi ya elimu katika Uislamu, na Mohammad Nabi naye akasema. Madrasa zote tulizosoma zimetufundisha kuwa kutafuta elimu ni faradhi, na faradhi hiyo haikubagua. Mchezaji anayetafuta riziki yake kwa gongo na mpira aliona ni wajibu kulisema hilo. Hiyo, kwa maoni yangu, ni wiketi kubwa kuliko zote alizowahi kuangusha.

TUNAJIFUNZA NINI?

La kwanza, mchezo humea penye watoto, hauhitaji kwanza majumba. Kambi ya Kacha Gari haikuwa na chochote ila uwanja wa vumbi ulio wazi kwa kila mtoto. Sisi hapa viwanja vya mitaa vinanyakuliwa na kujengwa maduka tukitazama, kisha tunauliza vijana wameingilia vipi unga na mihadarati. Uwanja wa mtaa ukienda, si mchezo tu unaokwenda.

La pili, heshima haiji siku moja. Jersey, Dar es Salaam, Buenos Aires, Afrika Kusini, kila ngazi ilikanyagwa. Sisi tulifika juu mwaka 2003 tukadhani tumefika milele. Mwenzetu anayepanda ngazi hulala akiifikiria ya kesho, anayeshuka hulala akisimulia ya jana.

La tatu, anayeanzisha jambo huenda asivune. Taj Malik hakuwa kocha siku ya furaha kubwa, lakini bila yeye siku hiyo isingekuwapo. Kijana anayewafundisha watoto wa mtaa wake bila mshahara, iwe kriketi, iwe kandanda, iwe Qur'ani, asiidharau kazi yake.

La nne, na ndilo zito, watu waliofunguliwa mlango walipokuwa wanyonge wana deni kwa wanyonge waliobaki nje. Zadran alilikumbuka deni hilo Chennai. Rashid alilikumbuka mwaka 2024. Dau la mnyonge lao lilikwenda joshi, Mungu alipenda. Lakini hakuna dau linalofika bandarini salama likiwa limewaacha nusu ya abiria wake baharini.

Twamuomba Allah awafanyie wepesi wakimbizi wote, wa Afghanistan na wa kwetu walioko Dadaab na Kakuma, na azikubali swaumu zetu. Wabillahi tawfiq.